Uchafu Haujui Nani Mgonjwa

Bibi Samaki hakupenda watu, na hakujisumbua kulificha hilo. Ukimwamkia shikamoo, aliitika marahaba huku macho yake yako kwenye ndoo uliyobeba, akitazama kama kuna samaki ndani. Kama hakuna, mazungumzo yameisha. Watu wa bwawa la Mtera walimzoea hivyo. Serikali ilikuwa na Bwana Shamba wake, Bwana Mifugo wake na Bwana Samaki wake. Alipoletwa mwanamke kushika kazi hiyo ya tatu, watu wakageuza jina tu. Katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikusikia mtu pale bwawani akimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Yeye mwenyewe akipokea simu ya ofisi alisema, "Bibi Samaki hapa. Sema."

Mimi nilikuwa fundi wa maabara. Nimezaliwa Dodoma mjini, katika ukoo wa wafanyabiashara waliokuja zamani na misafara wakabaki, na kwetu mtoto wa kike alitarajiwa auze duka au aolewe na mwenye duka. Nikasomea maabara nikidhani nitapangiwa hospitali. Nikapangiwa kituo cha samaki. Mama yangu alishika kichwa. "Samaki nao wanapimwa damu?" Siku yangu ya kwanza kazini nilimsimulia Bibi Samaki swali hilo, nikitegemea acheke kidogo, tufahamiane. Hakucheka.

"Mwambie mama yako," alisema, "samaki anaugua, anapigana, anapona au anakufa, kama yeye. Tofauti ni kwamba samaki hapewi pole. Kwa hiyo tunampima."

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba mbili za bati na mabwawa ya kufugia perege, yaliyochimbwa pembeni ya bwawa kubwa. Nyaya za umeme wa Mtera zilipita juu ya paa letu kwenda kuwaka kwingine. Sisi tulikuwa na jenereta, na mafuta ya jenereta yalikuja pale yalipojisikia kuja, kwa hiyo mashine ya kuzungusha damu tuliizungusha kwa mkono. Hadubini ilikuwa moja. Aliifunika kwa kitambaa safi kuliko vitambaa vyote alivyovaa.

Nilijifunza kutoa damu kwa kumtazama yeye. Alimlaza perege kwenye taulo lililolowa, akamfunika macho kwa kiganja mpaka akatulia, kisha sindano ikaingia chini ya mkia, ikapanda taratibu hadi kwenye mshipa ulio chini ya uti wa mgongo. Mikono yake, ambayo ilifunga milango kwa kishindo na kusukuma vikombe vya chai ya wageni hadi ikamwagika, ilikuwa mipole pale kuliko mikono ya mkunga. Akimaliza alimshikilia samaki ndani ya maji mpaka aondoke mwenyewe. Hakumtupa hata mmoja.

Na hakula samaki. Alikula ugali wa uwele na mlenda, leo na kesho. Wavuvi walisema ni mwiko wa kwao. Siku moja Mkuu wa Kituo, mtu mwenye tumbo la heshima na maneno matamu, alimuuliza mbele ya wageni kwa nini hagusi kitoweo kilichomwajiri.

"Mganga mkuu wa wilaya anakula wagonjwa wake?" alijibu.

Wageni walicheka sana. Mkuu wa Kituo hakucheka, na nadhani hakusahau.

Lakini nisimpambe. Upole ule uliishia kwenye magamba. Mwaka wa pili kazini mimba yangu iliharibika, nikarudi baada ya kupumzika nikiwa bado natembea kama mtu aliyebeba gunia. Watu wote wa kituo walinipa pole, hata mlinzi ambaye hatukuwa tukielewana. Bibi Samaki alinitazama, akasema, "Mwili haufanyi kitu bila sababu. Kuna sampuli zinakungoja." Nilimchukia. Nilizungusha ile mashine siku nzima nikimchukia, na chuki ile nilikaa nayo muda mrefu. Mpaka leo sijui kama alitaka kunifariji kwa njia pekee aliyoijua, au hakuona kwamba mimi si kiumbe wa bwawani. Watu huniambia bila shaka ni lile la kwanza. Hao hawakumjua.

Alikuwa na misemo yake, na hakuna hata mmoja uliokusudiwa kumpendeza mtu. "Damu haina adabu, haijui kudanganya ili ukufurahishe." "Samaki aliyenona si samaki mzima. Hata aliyevimba ananona." Mkuu wa Kituo alipoleta fulana za semina, yeye alichukua yake akaifanya tambara la kufutia meza. Ila msemo uliomfikisha pabaya ulikuwa mmoja, na ulitokana na vumbi.

Vumbi hilo ni kitu alichokiona kwenye hadubini. Ukizungusha damu ya samaki, chembe nyekundu na nyeupe hushuka chini ya kichupa, juu yanabaki maji ya manjano. Watu wengi hutazama zile chembe. Yeye alitazama na yale maji. Alikilaza kioo cha taa ya hadubini ili mwanga uingie kwa ubavu, na kwenye giza lile vikaonekana vijipunje vikitetemeka, vidogo mno, kama vumbi kwenye mwali wa jua unaopenya tundu la bati. Niliviona kwa macho yangu. Samaki mzima alikuwa navyo vichache. Samaki aliyekuwa anaugua, au aliyetoka kuugua, alikuwa navyo tele.

"Ni nini hivi, Mama?"

"Sijui. Ndiyo maana tunatazama."

Mradi mmoja wa wafadhili ulituletea mshauri kutoka nje, mwanamume mrefu aliyekuja na gari jipya na kamera mbili shingoni. Bibi Samaki alimkalisha kwenye hadubini. Hilo kwake lilikuwa sawa na kumpa mgeni kitanda chake. Mshauri alichungulia, akainuka kabla kiti hakijapata joto, akasema kwa Kiingereza cha taratibu, kile ambacho mtu humsemeshea mtoto, kwamba huo ni uchafu wa vichupa na kwamba katika mazingira kama yetu inaeleweka.

Tukaosha vichupa. Tukavichemsha, tukavisuuza kwa maji ya betri, tukavikausha kwenye jua tukiwa tumevifunika kwa shashi, maana upepo wa Mtera una mchanga wake. Vidole vyangu vilipasuka kwa sabuni. Vumbi likabaki, na likabaki kwa mpangilio uleule: kwa wagonjwa tele, kwa wazima kidogo. Akamwendea mshauri aliyekuwa anapakia mizigo yake.

"Uchafu haujui nani mgonjwa," alimwambia. "Hili linajua."

Mshauri alimpa mkono, akapanda gari.

Mpwa wangu amesoma sayansi hapo Chimwaga, kwenye chuo kikubwa kilichojengwa baadaye, na siku moja tukimenya viazi jikoni nilimsimulia habari za vumbi lile. Aliacha kisu. Akaniambia vitu hivyo vinajulikana siku hizi: ni vifuko vidogo sana ambavyo chembe za mwili hujimegua na kuvitupa kwenye damu, vikiwa vimebeba habari kutoka chembe moja kwenda nyingine, na mwili unapopigana na ugonjwa vifuko huweza kuongezeka na shehena yake kubadilika. Akasema hata protini zilizomo huwa zinarekebishwa. Protini ni ileile lakini imevalishwa nguo nyingine, na ikivaa nguo nyingine hufanya kazi nyingine, kama mtu mmoja anayekuwa hakimu akivaa joho na baba wa nyumbani akilivua. Samaki wanavyo, ng'ombe wanavyo, sisi tunavyo. "Lakini shangazi," akasema, "kwa hadubini ya kawaida mngeona vile vikubwa tu. Na labda kweli na uchafu kidogo ulikuwemo." Nikamwambia labda. Bibi Samaki wakati huo alikuwa ameshazikwa, na sikuwa na wa kumpelekea habari.

Haki pia inanidai niseme kwamba alikosea. Alipokwisha kuamini vumbi ni sehemu ya kinga, aliruka hatua. Alichukua maji ya damu ya perege waliopona, akawadunga wazima kwa sindano, akitumaini kinga itahamia kwao. Walikufa. Si wote kwa mpigo. Walikufa kila siku kidogo, na kila asubuhi aliwatoa kwa wavu mwenyewe, akawazika nyuma ya jenereta, akatukataza kusaidia. Hakuongea juu ya jambo hilo tena. Nilipomuuliza kama tujaribu kwa njia nyingine, alinituma nikaoshe vichupa vilivyokuwa safi.

Miaka hiyo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Madukani kwetu Dodoma zilijaa redio na sabuni zenye harufu ya matunda, mitumba ikatandazwa hadi barabarani, na baba yangu, aliyewahi kufungiwa duka kwa kosa la kuficha sukari, alikaa kibarazani akisema sasa ruksa, uza hata baba yako. Mkuu wetu wa Kituo alirudi kutoka semina mjini na maneno mapya: ubia, ufanisi, soko huria. Kituo kilikuwa mzigo kwa serikali, alitueleza. Angekuja mwekezaji, afunge vizimba vya nyavu vya kufugia perege kwenye ghuba yetu, na kila mwenye mkono angepata kazi.

"Na maabara?" aliuliza Bibi Samaki.

"Maabara itajitegemea, Mama."

"Itamuuzia nani damu?"

Mwekezaji alikuja. Alikuwa mtu mwenye sauti ya chini, mpole wa kutisha, na mshauri wake alikuwa yuleyule bwana wa kamera, sasa bila kamera. Vifaranga wa perege waliletwa kutoka nje kwa lori, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Walikuwa wazuri, wepesi, wakigeuka pamoja kama pazia. Bibi Samaki alichukua waliokwisha kukua kidogo, akawalaza kwenye taulo, akatoa damu. Tulitazama mpaka jua likahama dirisha. Chembe nyeupe zilikuwa nyingi kupita kiasi. Na vumbi lilijaa kioo kizima.

"Hawa wametoka vitani," alisema. "Wamepona. Ila adui waliyemshinda wamekuja naye mgongoni, na samaki wetu hawamjui."

Akamwambia Mkuu wa Kituo samaki hao wakae peke yao kwenye mabwawa yetu ya ndani mpaka ijulikane wanabeba nini. Kikao kikaitwa. Nilikaa mlangoni na vichupa vyangu kwenye kisanduku, nikitumaini nitaitwa nionyeshe.

"Kwa sababu ya lile vumbi?" mshauri aliuliza, na safari hii alitabasamu.

"Kwa sababu ya damu yote. Vumbi ni sehemu yake."

"Mama," akasema Mkuu wa Kituo, "watu wanangoja ajira. Vijana wa hapa wanangoja. Wewe unataka tuwaambie wasubiri vumbi?"

"Waambie wasubiri. Mimi siruhusu."

Mwekezaji hakubishana. Aliandika kitu kidogo, akashukuru kwa chai. Juma lililofuata Bibi Samaki aliitwa Dodoma kwenye mafunzo ya utawala bora. Alishangaa, maana hakuwahi kuchaguliwa kwenda mafunzo yoyote, na nadhani alifurahi kidogo, kwani alivaa viatu vya kufunga. Alipokuwa huko akifundishwa utawala bora, vifaranga wakamwagwa vizimbani.

Aliporudi alisimama ukingoni akivitazama vile vizimba. Nilimngoja apige kelele. Akavua viatu, akaingia ofisini, akaandika barua kwa wakubwa, na nyingine, na nyingine. Barua zilikwenda. Hapo ndipo penye jambo ambalo sijaweza kumsamehe, na ni kubwa kuliko lile la mimba yangu. Wakubwa aliwaandikia. Wavuvi hakuwaambia neno. Walipita mbele ya dirisha letu kila alfajiri na nyavu mabegani, wakimwamkia, naye akiwatazama ndoo.

"Mama, tuwaambie wasivue karibu na vizimba," nilimwambia. "Nyavu zitabeba ugonjwa bwawa zima."

"Wangeelewa nini?" alisema. "Nikiwaambia chembe, wataniuliza chembe gani. Acha wakubwa wajibu."

Wakubwa hawakujibu. Mvua zilipokatika na maji yakapata joto, perege walianza kufa, kwanza vizimbani, halafu nje ya vizimba, halafu ghuba yote. Walielea wakiwa na vidonda mbavuni na macho meupe, na harufu ilitufikia hata tulipofunga madirisha. Mji mzima ukasikia. Sokoni Dodoma watu wakaacha kununua samaki wa Mtera, wabichi kwa wakavu, wenye ugonjwa na wasio nao. Mitumbwi ikalala kifudifudi. Wanaume waliokwisha kuacha kilimo kwa ajili ya bwawa wakaondoka kwenda kutafuta vibarua Kongwa, wengine bila kuaga.

Wavuvi hawakwenda kwa mwekezaji. Geti lake lilikuwa na walinzi. Walikwenda kwa mtu waliyemjua. Mbele yao alikuwa mama mmoja mchuuzi, jirani wa Bibi Samaki, aliyesomesha watoto kwa samaki wa kukausha. Alifika na beseni, akalimwaga mlangoni. Samaki waliooza wakatelezana hadi kwenye kizingiti.

"Wewe ndiye uliyesomea!" alipiga kelele. "Ulijua?"

Bibi Samaki alitoka. Angeweza kudanganya. "Nilijua," alisema.

"Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia wanaohusika. Ninyi msingeelewa."

Yule mama akasema kwa sauti ya kawaida, na ndiyo sauti ninayoikumbuka mimi: "Tungeelewa 'msivue.' Tungeelewa 'ngojeni.' Hayo maneno mawili yangekushinda nini, mwenzangu?"

Watu walipoondoka Bibi Samaki alichukua koleo akawazoa wale samaki mmoja mmoja, na nilipoinama kumsaidia hakunikataza.

Kamati ikaja kutoka mjini, ikakaa chini ya feni ya mwekezaji, ikaona kwamba mtaalamu aliyekuwepo hakuchukua hatua zinazostahili. Barua zake hazikuonekana. Mkuu wa Kituo akahamishwa, kwa maana ya kupandishwa cheo. Mwekezaji akang'oa vizimba, akaondoka navyo. Bibi Samaki akapunguzwa kazini, na mimi nikapunguzwa baada yake, maana fundi bila mtaalamu ni wa nini. Alipanda lori la mkaa, kiti cha mbele, bila kuaga mtu. Kituo kikauzwa. Siku hizi ni gesti. Bwawa moja limejazwa kifusi, pamewekwa meza za kuchezea pool.

Mara ya mwisho nilimwona Dodoma, miaka mingi baadaye. Nilikuwa nafuga kuku, wakashikwa na mafua, nikaingia duka moja la dawa za mifugo upande wa Majengo. Nyuma ya kaunta alikuwa yeye. Alikuwa amekonda, amevaa koti jeupe lenye nembo ya kampuni ya dawa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Aliitazama mikono yangu, kisha uso. "Binti wa vichupa. Umenenepa. Unafuga nini?"

"Kuku. Wana mafua."

"Hii hapa." Akaweka pakiti juu ya kaunta. Hakuniuliza wanakohoa vipi, wana umri gani, wamekufa wangapi. Nilimuuliza anaishi wapi, akanionyesha kwa kidevu, chumba nyuma ya duka. Duka si lake, alisema. Yeye ameajiriwa kwa ajili ya cheti chake kilichotundikwa ukutani, maana sheria inataka duka liwe na mtaalamu.

Tukiwa hapo akaingia mwanamume wa makamo, ameshika ndoo ya plastiki kwa mikono miwili, suruali imelowa magotini. "Mbukwenyi," alisalimu kwa Kigogo. Akaeleza kwa Kiswahili cha kutafuta maneno kwamba amechimba bwawa kwake, ameweka perege, na sasa wanapanda juu kuhema, wengine wamekufa. Amekuja nao wachache, wangali hai, Mama awaone. Akainua ndoo hadi juu ya kaunta, maji yakamwagika kidogo.

Bibi Samaki alitoa kopo kwenye rafu. "Kijiko kimoja kwenye chakula, asubuhi na jioni."

"Hutawaona?"

"Kijiko kimoja," alirudia.

Mtu yule akashukuru sana, akalipa, akalifunga kopo ndani ya kitambaa, akatoka. Mimi nilibaki nimemkodolea macho Bibi Samaki.

"Mama, hukutazama hata ndani ya ndoo."

"Niliwahi kutazama," alisema. Akachukua tambara, akafuta maji yaliyomwagika. "Chukua dawa yako, binti, kuna watu nyuma yako."

Nilitoka mbio. Nilimkuta yule mwanamume akitafuta njia kati ya wauza mitumba, ndoo mkononi. Nikamwomba niwatazame samaki wake. Alinikubalia. Nikainama, nikamshika mmoja, nikafunua shavu. Matamvua yalikuwa yamepauka, na nilijua kwamba dawa ya kopo lile haikuwa ya huyu, kwamba bwawa lake pengine limekosa hewa, kwamba angeanza kwa kubadili maji na kupunguza samaki. Nikamwambia hivyo, polepole, kwa maneno mepesi kabisa niliyoweza kuyapata. Nikamwambia asiwape dawa ile.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akaangalia mfuko wangu wenye dawa ya kuku, akaangalia nyuma dukani, kwenye koti jeupe.

"Mama yule ni mtaalamu," alisema. "Wewe ni nani?"

Akaegesha ndoo begani, akavuka barabara.